Ng'ombe Waliopotea Ndani ya Kompyuta

Siku ambayo lori la chanjo lilitakiwa kuondoka saa saba mchana, kompyuta ya idara ya mifugo ilitoa orodha iliyosema kwamba bonde la juu halina ng'ombe hata mmoja.

Wa kwanza kuiona hiyo sifuri hakuwa fundi wa kompyuta. Alikuwa mtunza chumba cha baridi, mama wa makamo ambaye kila mtu alimwita Mama Barafu kwa sababu alivaa koti zito mwaka mzima, hata siku ambazo wenzake walikuwa wanajipepea kwa mafaili. Alipanda ngazi mbili mbili, karatasi mkononi, akausukuma mlango wa chumba cha kompyuta kwa bega.

"Koma! Hebu acha hicho unachofanya. Soma hapa."

Koma halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata hapo hapo kazini, mwaka wake wa kwanza, aliposaka kwa siku tatu kosa lililokuwa limeigomesha programu nzima, kumbe alikuwa amesahau kuweka alama moja ya koma. Wenzake walicheka mpaka wakatokwa na machozi, na tangu siku hiyo jina likamganda. Aliweka kikombe chake cha chai chini, akaipokea karatasi.

"Mbuzi elfu sita mia mbili na kumi na wanne," alisoma. "Kondoo elfu tatu mia nane na sabini. Ng'ombe..." Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Ng'ombe sifuri?"

"Sifuri! Miaka ishirini na mbili nafungasha chanjo za bonde la juu. Kule ng'ombe ni wengi kuliko watu. Wameenda wapi, wamepanda ndege?"

Koma hakucheka. Aliijua orodha ile vizuri kwa sababu programu iliyoitoa aliiandika mwenyewe, miaka sita iliyopita. Wahesabuji wa mifugo walipita zizi hadi zizi, wakatuma kwa simu jina la mnyama na idadi yake. Programu ilipokea jumbe zao, ikajumlisha, ikasema kila bonde lipelekewe chupa ngapi za chanjo. Mama Barafu alifungasha kwa kufuata orodha, dereva akapakia, lori likaondoka. Na safari hii haikuwa ya kawaida. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imeshapiga hodi katika bonde la jirani, na lori likishaondoka lingechukua wiki nzima kuzunguka na kurudi. Likienda bila chanjo ya ng'ombe, homa ingekuwa na siku saba za kufanya inavyotaka.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika kumi.

Mkuu wa idara aliitwa. Alikuja miwani yake ikiwa imepanda juu ya paji la uso, akaisoma orodha mara mbili.

"Labda wamewahamisha kutafuta malisho," alisema. "Mwaka huu mvua zimesuasua. Mashine haina sababu ya kutudanganya."

"Mashine haidanganyi, mkuu," Koma alijibu. "Inafanya kile nilichoiambia. Ndiyo maana naogopa."

"Sawa. Una mpaka saa sita. Ukishindwa, tutapakia kama ilivyoandikwa."

Koma alikuwa na bahati moja. Mmoja wa wahesabuji wa bonde la juu alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake, mzee mwenye maneno mengi na ng'ombe wengi zaidi. Alimpigia. Simu ilipokelewa na mlio wa kengele za mifugo kabla ya sauti ya mtu.

"Mjomba, shikamoo. Nisamehe, nina haraka. Ng'ombe wako wapo?"

"Marahaba, mpwa wangu. Wapo wapi tena? Wapo hapa wananikanyaga miguu."

"Uliwahesabu na kutuma?"

"Nimetuma jana. Wangu mia moja na arobaini, na wa majirani nikawaandika mmoja mmoja kwa kila zizi. Kwani kuna nini?"

"Kompyuta inasema hamna ng'ombe."

Mjomba akaangua kicheko kilichomfanya Koma aondoe simu sikioni. "Basi iambie kompyuta yako ije ikamue hewa!"

"Mjomba, labda uliandika vibaya. Labda vidole viliteleza."

Kicheko kikakatika. "Vibaya? Mimi? Nimeandika ng'ombe, na ile alama yake juu, ritifaa. Mwalimu wetu wa darasa la pili alikuwa anatuchapa kwa sababu ya hiyo alama. Mimi nitaisahau vipi? Usinisingizie, mtoto wa dada yangu. Tafuta huko huko kwako."

Koma alikata simu masikio yakimwaka moto kwa aibu. Mjomba alikuwa amesema kweli. Kitu cha kwanza alichokifanya kilikuwa kumlaumu aliye mbali.

Akavuta kiti. Mama Barafu, badala ya kurudi kwenye majokofu yake, akavuta kingine akakaa pembeni, koti lake likijaza nusu ya meza.

"Mimi sijui kompyuta," alisema, "lakini najua kutafuta joto linakoingilia. Tunaanzia wapi?"

"Tunaanzia pale kitu kinapoingia."

Koma alifungua daftari la ndani la programu, mahali ambapo kila ujumbe ulihifadhiwa jinsi ulivyofika kabla haujaguswa. Akatafuta namba ya mjomba. Ujumbe huo hapo: ng'ombe 140. Haukuwa na kasoro yoyote. Ulikuwa umefika salama.

"Kwa hiyo ng'ombe waliingia mlangoni," Mama Barafu alisema akiinama mbele.

"Waliingia. Wamepotelea ndani ya nyumba."

Sasa Koma alikuwa na kiherehere kile kinachomshika fundi yeyote akijua kosa lipo, lina sura, na liko umbali wa chumba kimoja. Alitengeneza nakala ya programu pembeni, asiiguse ile halisi. Kisha kwenye nakala akaandika kwa mkono wake mwenyewe: ng'ombe 140. Akabonyeza.

Programu ikajibu: ng'ombe mia moja arobaini.

"Imekubali!" Mama Barafu alipiga meza.

"Imekubali wangu. Sasa tuipe wa mjomba." Aliuchukua ujumbe wenyewe wa mjomba, akaunakili herufi kwa herufi bila kuandika chochote, akaubandika. Akabonyeza.

Sifuri.

Walitazamana. Maneno yale yale, namba ile ile, yakiwa yamepangana kwenye kioo kama pacha, moja linakubaliwa na jingine linatupwa. Koma alijikuta amesimama.

"Yanafanana lakini hayafanani," alinong'ona. "Kuna kitu kimoja tofauti. Kimoja tu."

Akaanza kubadilisha ujumbe wa mjomba kidogo kidogo, kitu kimoja tu kila mara, maana ukibadilisha viwili na mambo yakatengemaa, hutajua kipi kilichotibu. Aliondoa namba akaiandika upya. Sifuri. Aliondoa nafasi kati ya neno na namba, akaiweka upya. Sifuri. Alifuta herufi "ombe" akaziandika mwenyewe. Sifuri. Akafuta ile ritifaa, akaiandika kwa kibao chake.

Mia moja arobaini.

"Hapo!" Koma alipiga ukelele uliomfanya karani wa chumba cha pili achungulie. "Hapo hapo! Mama Barafu, tazama!"

Aliyakuza maandishi mpaka herufi moja ikawa kubwa kama kiganja. Sasa kila mtu angeweza kuona. Ritifaa aliyoiandika Koma ilikuwa imesimama wima kama msumari. Ya mjomba ilikuwa imepinda, ina kichwa na mkia, kama kiluwiluwi. Kwa jicho la mtu zote ni ritifaa na wote ni ng'ombe. Kwa kompyuta ni alama mbili tofauti kabisa, kama vile herufi a na herufi m. Ng'ombe wa msumari ilimjua. Huyu wa kiluwiluwi ilikuwa haijawahi kumsikia.

"Lakini mjomba wako anatuma miaka yote," Mama Barafu alisema. "Kwa nini imegoma mwaka huu?"

Swali lilikuwa zuri. Koma alifikiri kidogo, kisha akatoka mbio mpaka mlangoni kwa mkuu.

"Mkuu, wahesabuji wamebadilishiwa chochote karibuni? Chochote kile?"

Mkuu aliinua macho. "Hapana. Labda zile simu mpya. Tuligawa wiki tatu zilizopita, bonde la juu lote na wachache kwingine. Lakini ni simu tu, Koma. Namba zao hazikubadilika."

"Zinapinda ritifaa, mkuu! Simu za zamani ziliandika alama iliyonyooka, hizi mpya zinaipinda zenyewe ili ipendeze!" Koma alikuwa anacheka. "Tungejua tungeijaribu simu moja kabla ya kuzigawa zote. Dakika tano tu zingetosha."

Mkuu alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso mpaka machoni. "Hakuna aliyefikiri kwamba... Umesema wachache kwingine. Hapana, mimi ndiye niliyesema. Kwingine nako?"

Koma akaacha kucheka.

Wachache kwingine. Kwa bonde la juu simu zote zilikuwa mpya, ng'ombe wote wakapotea, ikabaki sifuri ambayo hata mtu asiye na kazi angeiona. Lakini kwenye mabonde mengine wangepotea baadhi tu. Pale pangebaki namba, namba yenye sura nzuri ya kuaminika, isiyomshtua yeyote.

Alirudi mbio. Akaiambia nakala ya programu ihesabu upya jumbe zote za bonde la chini, ikikubali kwa muda ritifaa za aina zote mbili. Orodha ya bonde hilo, iliyotoka jana, ilikuwa imesema ng'ombe elfu nne na mia moja. Hesabu mpya ikatoka: elfu sita mia tisa na themanini.

"Karibu elfu tatu," Mama Barafu alisema polepole. "Na chanjo za bonde la chini nimeshazifungasha jana. Nimezifunga na kamba kabisa." Akaivuta kola ya koti lake. "Ningezipeleka pungufu nikiwa natabasamu."

Ilikuwa saa nne na nusu.

Kurekebisha kwenyewe kulikuwa kazi ya dakika chache, lakini kabla ya kurekebisha Koma alitaka kujua jambo moja lililokuwa linamkera. Programu ikikutana na neno isilolijua, kwa nini haikusema? Kwa nini ilinyamaza? Alitafuta ndani ya maandishi yake ya miaka sita iliyopita, akaukuta mstari. Ulisema: ukipata neno usilolijua, liruke, endelea. Na juu yake alikuwa amejiandikia ukumbusho: Hii ni ya muda tu, nitarudi kuirekebisha.

Akakumbuka. Wakati ule wahesabuji walikuwa wanatuma salamu, pole, hata vichekesho, na programu ilikuwa inagoma kwa kila "hamjambo huko." Alichoka, akaifunga mdomo. Hakurudi tena.

"Kosa langu hili," alimwambia Mama Barafu. "Simu zimechokoza tu. Mimi ndiye niliyeizoesha kumeza vitu kimya kimya."

"Haya, utalia baadaye. Sasa hivi itapike."

Koma aliandika. Kila ritifaa, iwe imenyooka au imepinda, ifutwe ujumbe unapoingia, ili ng'ombe wote wawe wa namna moja. Na neno lolote lisilojulikana lisirukwe tena: liwekwe kwenye kapu lake, na kapu likiwa na kitu, orodha isitoke mpaka mtu alifungue aone. Vidole vilikuwa vinakimbia. Alisoma mara moja, akaridhika, akapeleka mkono kuiweka kwenye mashine halisi.

Mama Barafu aliushika huo mkono.

"Umejaribu?"

"Ni mistari mitatu tu, mama. Naijua kama jina langu."

"Kila jokofu langu lina vipimajoto viwili. Si kwa sababu siamini jokofu. Kipimajoto chenyewe kinaweza kuwa ndicho kibovu. Jaribu kwenye ile nakala kwanza. Tena si na ujumbe wa mjomba peke yake. Ipe na zile zilizokuwa nzima."

Saa ilikuwa saa tano na robo. Koma alitaka kubisha, akajizuia. Alichukua jumbe za wiki nzima, za simu za zamani na mpya, za mbuzi, za kondoo na za ng'ombe, akazimwaga kwenye nakala.

Mbuzi sawa. Kondoo sawa. Ng'ombe wa bonde la juu, sifuri. Bonde la chini, sifuri. Mabonde yote, sifuri, na kapu limejaa ng'ombe.

Koma alishika kichwa kwa mikono miwili. Sasa ng'ombe wote walikuwa wamepotea, hata wale wa ritifaa iliyonyooka. Alitazama, akaona, akacheka kwa mshangao. Alikuwa amefuta ritifaa kwenye jumbe, akasahau kwamba orodha ya wanyama wanaojulikana, ile ya ndani kabisa, bado iliandika ng'ombe na ritifaa yake. Wageni wamevuliwa kofia mlangoni, na mlinzi bado anamtafuta mtu mwenye kofia.

"Ningeiweka kwenye mashine halisi," alisema, "ningemaliza ng'ombe wa nchi nzima."

"Kazi ya vipimajoto viwili hiyo," Mama Barafu alisema, akajipa raha ya kukunja mikono kifuani.

Safari hii Koma hakufuta kitu. Aliamuru ritifaa zote zilizopinda zinyooshwe zinapoingia, basi. Akamwaga tena jumbe za wiki nzima. Kisha akamwita karani wa chumba cha pili, mtu asiyejua lolote kuhusu programu ile, akamwomba achukue jumbe ishirini bila kuchagua, azijumlishe kwa kalamu na karatasi. Karani alijumlisha ulimi ukiwa umetoka pembeni ya mdomo. Jumla yake na ya kompyuta zikalingana. Akarudia na nyingine ishirini. Zikalingana.

Ndipo Koma akaiweka kwenye mashine halisi. Printa ikanguruma, ikaanza kutoa orodha mpya, na watu wanne walisimama kuizunguka wakiisoma kichwa chini kabla haijamaliza kutoka. Bonde la juu: ng'ombe elfu kumi na moja mia tatu na sita.

"Elfu kumi na moja!" mkuu alisema. "Na mimi nilisema wamehama!"

Mama Barafu hakusubiri. Aliinyakua karatasi ikiwa bado ina joto, na mlio wa viatu vyake ukasikika ngazi nzima. Kwa saa mbili zilizofuata chumba cha baridi kilikuwa kama soko. Mkuu mwenyewe alivua koti la suti akavaa la kazi, akabeba masanduku. Karani alihesabu chupa kwa sauti. Koma alikata kamba za mizigo ya bonde la chini ili iongezewe, pumzi yake ikitoka kama moshi, vidole vikifa ganzi, na hakukumbuka siku aliyowahi kufurahia baridi kiasi kile. Dereva alipiga honi saa saba, Mama Barafu akamfokea kwamba asubiri kama alivyosubiri yeye siku ya kufunga ndoa. Lori liliondoka saa nane na dakika ishirini, limejaa mpaka mlango ukafungwa kwa kusukumwa.

Koma alimpigia mjomba akiwa amesimama pale pale uani.

"Mjomba, wanakuja. Chanjo za wote. Na nisamehe kwa yale ya asubuhi."

"Umewapata wapi?"

"Kwenye ritifaa."

"Si nilikwambia niliiweka!" Mjomba alifurahi kuliko mtu aliyeshinda kesi. "Mwalimu wangu angekuwepo angekuchapa wewe."

Alasiri ile mkuu alimtaka Koma aende nyumbani akapumzike. Alikataa. Alikuwa na uchangamfu ambao haungemruhusu kukaa kitako. Alizikusanya zile jumbe za majaribio, zilizonyooka na zilizopinda, zenye salamu na zisizo na salamu, akaziweka kwenye faili moja, ili kila mtu atakayeigusa programu, hata kama ni yeye mwenyewe na hata kama ni mstari mmoja, azipitishe kwanza na kulinganisha majibu. Mkuu akatia sahihi barua fupi: hakuna kifaa kipya kitakachogawiwa kabla fundi wa kompyuta hajakijaribu. Kisha Koma akafungua kwa utulivu lile kapu la maneno yasiyojulikana, ambalo mchana waliliangalia harakaharaka tu kuhakikisha halina ng'ombe.

Kulikuwa na maneno kumi na saba. Mengi yalikuwa salamu. Mawili yalikuwa ya mbuzi aliyeandikwa "mbuz," akayarudisha zizini kwake. Na moja, kutoka ukingo wa mbali kabisa wa bonde la mashariki, lilimfanya arudi nyuma kwenye kiti. Ngamia 14.

Hakuwahi kuweka ngamia kwenye orodha yake. Hakuna aliyewahi kumwambia wapo. Alipekua daftari la mwaka uliopita: ngamia 11. La mwaka juzi: ngamia 9. Wote wamerukwa, kimya.

Akapiga namba iliyotuma. Ilipokelewa na sauti ya mwanamke, nyembamba na yenye tahadhari.

"Dada, habari za huko. Napiga kutoka idara ya mifugo. Umetuandikia ngamia."

"Ndiyo," yule mwanamke alisema. "Kuna tatizo?"

"Hapana, hakuna tatizo lolote!" Koma alishavuta karatasi na kalamu. "Nataka kujua kila kitu. Wakoje? Wanaumwa nini? Wadogo ni wangapi?"

Ile sauti ikabadilika, ikachangamka, kama mtu aliyevuta kiti akakaa.

"Nawaandika mwaka wa tatu huu," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza. Haya, shika kalamu."